Mama alilala bandani na farasi. Kaburini kwake tuandike nini?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, nina watoto wawili, naishi Sakina hapa Arusha na nina duka dogo la vifaa vya shule. Naomba usitaje jina langu, maana kwetu Machame habari inawahi kufika kuliko haisi.

Mama yetu alifariki mwezi wa tatu mwaka jana akiwa na miaka 69. Desemba hii, watu wakishapanda kuja nyumbani kwa Krismasi, tutajengea kaburi lake pale kihambani, kwenye shamba la ukoo, na kutakuwa na ibada. Kikao cha familia kimenikabidhi mimi kuandika maneno yatakayosomwa siku hiyo, pamoja na mstari mmoja wa kuchonga kwenye jiwe. Nimeanza tangu Agosti. Sina hata sentensi moja ya maana.

Tatizo ni farasi.

Babu mzaa mama alikuwa saisi, mtunza farasi kwenye shamba la kahawa la mlowezi mmoja. Mama alijua kushika hatamu kabla ya kushika jembe. Mwaka 1973 mashamba ya kahawa ya walowezi Kilimanjaro yalipotaifishwa, yule bwana akaondoka, babu akarudi kwenye migomba yake, na mama akiwa na miaka 18 akabaki na ufundi ambao hakuna aliyeuhitaji. Baadaye ndipo akapata kazi upande wa Usa River, kwa watu waliofuga farasi wa kupandisha wageni. Alianza kwa kuzoa mavi. Alimaliza akiwa ndiye anayewazoesha farasi wachanga kukubali tandiko, na ndiye aliyetangulia mbele wageni walipopelekwa porini siku nne, siku tano. Alipanda mpaka akiwa na miaka 66.

Kijijini walimwita Mama Farasi, na sauti waliyotumia ilikuwa ya kucheka. Akija kusalimia huwa amevaa suruali, juu yake kitenge, na kabla ya kufika kanisani alikuwa anaingia kwa jirani kuivua ile suruali. Baba alifariki kwa ajali 1994. Ada zetu wote watatu na bati za nyumba ya Machame zilitoka kwa farasi.

Siku ya mazishi, wasifu aliandika kaka yangu mkubwa. Ulisema marehemu alikuwa "mkulima na mfugaji". Mfugaji! Mama hata kuku alikuwa anasahau kuwafungia. Kuna mzee mmoja, saisi mwenzake, alikuwa amesimama nyuma karibu na mgomba. Aliposikia lile neno alicheka kidogo, halafu akajifunika uso na kofia.

Sasa kaka, ambaye yuko Dar es Salaam, anasema hataki mama akumbukwe kwa mavi ya farasi. Niandike mlezi mwema, mcha Mungu, mwanakwaya. Mdogo wetu wa mwisho, ana miaka 36, yuko Moshi, anasema jambo lingine kabisa. Anasema, "Ukiwaandika farasi, andika na ukweli. Wale ndio aliowazaa, sisi tulikuwa wapangaji."

Anachokumbuka ni masika ya 1998, zile mvua za El Nino. Tulikuwa tumepanga chumba Usa River, dakika ishirini kwa mguu kutoka kwenye mabanda. Alikuwa na miaka tisa, akaugua malaria. Mama akampa dawa, akaniambia mimi nimwangalie, akachukua koti akaenda kulala bandani kwa farasi. Mdogo wangu hajawahi kusamehe usiku ule.

Baada ya mazishi nilifungua sanduku la bati la mama. Nikakuta madaftari kumi na moja, mistari imepigwa kwa rula. Kila siku, majina ya farasi na joto lao: asubuhi 37.9, jioni 38.2. Nikatafuta la 1998. Chini ya ukurasa, kwa kalamu ileile, kuna jina la mdogo wangu. Saa 4 usiku, 39.6. Saa 9 usiku, 38.8. Saa 12 asubuhi, 37.4. Shangazi, mimi ndiye niliyeachwa kulinda. Sikumbuki mama akiingia saa tisa ya usiku. Nilikuwa nimelala. Nilimpigia mdogo wangu nikamsomea. Akaniambia, "Daftari halimkumbatii mtoto," akakata simu.

La mwisho ni Tangawizi. Huyu ni farasi jike, rangi yake ndiyo iliyompa jina, ana miaka 26. Mama alipewa kama zawadi ya kuagwa kazini, na bado yuko kule Usa River. Chakula na matunzo ni shilingi 250,000 kwa mwezi. Kaka aliacha kuchangia Juni, nalipa peke yangu. Meno yamekwisha, analishwa pumba iliyolowekwa, na magoti ya mbele yameanza kugoma. Kaka amepata mteja anayezungusha watoto kwenye viwanja vya sikukuu. Anasema tukimng'ang'ania tutaambulia shukrani ya punda.

Usiku wa mwisho hospitalini tulikuwa wawili, mimi nimekaa kichwani, mdogo wangu amesimama miguuni pa kitanda anafunga mkoba wake awahi basi la mwisho la Moshi, kwenye chumba anachoishi peke yake tangu ndoa yake ivunjike. Mama akasema, "Msimwache alale peke yake." Hakusema tena kitu cha kueleweka. Nimelichukua kama wosia kuhusu Tangawizi, ndiyo maana nalipa. Lakini Januari inakuja, na mimi, nikuambie ukweli, naogopa farasi. Nilipigwa teke nikiwa na miaka minane na sijamgusa farasi tena.

Niandike nini, Shangazi? Na huyu mnyama nimfanyeje?

Mtoto wa Mama Farasi, Arusha

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa kazi uliyotwishwa. Kikao cha familia kina tabia ya kumpa kalamu yule ambaye hatagombana na mtu, kisha kila mmoja akasimama nyuma yake kumwambia aandike nini.

Umesema tatizo ni farasi. Nimeirudia barua yako mara tatu, na farasi namwona, lakini nawaona pia watoto watatu wanaogombea mama mmoja. Kaka yako anamtaka yule wa kanisani, ambaye hachekwi na mtu. Mdogo wako anamtaka aliyepaswa kuwa chumbani usiku wa malaria. Wewe unawataka wote wawili waache kupiga kelele ili umsikie aliyekuwepo. Sidhani kuna sentensi moja ya kwenye jiwe itakayowatosha nyote, kwa hiyo kama unaitafuta hiyo, si ajabu Agosti imepita na Septemba nayo.

Ngoja kwanza nikuambie kitu kuhusu usiku ule, maana nilimuuliza daktari wa mifugo ninayemfahamu. Kuna ugonjwa wa virusi unaoua farasi hapa Afrika, na unaenezwa na visubi, vile vidudu vidogo kuliko mbu. Visubi huzaliana kwenye tope, kwa hiyo mvua zikizidi navyo huzidi, na huuma kuanzia jua linapozama mpaka alfajiri. Pundamilia huubeba ugonjwa huo bila hata kuonekana anaumwa. Punda kwa kawaida huhimili. Farasi asiye na kinga akipata ile aina kali, anaweza kuamka vizuri leo na kesho kutwa mkamfukia. Dalili ya kwanza ni homa. Joto la farasi mzima ni kati ya 37.5 na 38.5 hivi, na ndiyo sababu mama yako alipima asubuhi na jioni. Ile 38.2 uliyoisoma ilikuwa habari njema. Masika yale, na mvua zile, ni wakati ambao saisi mwenye akili haachi mabanda wazi usiku.

Nimekueleza haya ili ujue alikwenda kufanya nini. Sikupi uende nayo Moshi kama utetezi. Mtoto wa miaka tisa anayetetemeka kwa malaria hana haja ya somo la visubi, alikuwa na haja ya mkono. Inawezekana kabisa mama yako alikuwa na sababu nzito ya kwenda, na mdogo wako ana sababu nzito ya kuumia, na hizo sababu mbili zisikutane popote. Ulipomsomea zile namba kwenye simu, nadhani ulikuwa unampa zawadi. Yeye alisikia hukumu: kwamba amekosea miaka yote hii, na ushahidi huu hapa.

Na ushahidi wenyewe, tuutazame bila haraka. Saa 9 usiku, 38.8. Wewe umeisoma kwamba mama alitembea dakika ishirini kwenye mvua, akapima, akarudi. Huenda ndivyo. Huenda pia wewe, msichana wa miaka 17, ndiye uliyeamka ukapima ukaandika pembeni mahali, na mama akanakili asubuhi, kisha usingizi ukafuta kila kitu kichwani mwako. Sijui, na wewe hujui. Lakini umebeba neno "nilikuwa nimelala" kama kosa, na hilo limenisimamisha. Ulikuwa mtoto uliyeachiwa mtoto. Kabla hujamwandika mama, jiulize kama na wewe huna kidogo cha kumdai kwa usiku ule.

Mama yangu alikuwa na cherehani. Nililichukia lile cherehani kama mke mwenza, na mpaka leo nikisikia mlio wa pedali huwa sijui kama nimefurahi au nimekasirika. Nimezeeka nayo hiyo.

Turudi kwa kaka yako. Ni rahisi kumwona kama mtu anayeona aibu na mama yake, na labda ndivyo alivyo. Ila wewe umesema kijiji kilicheka. Nani alichekwa shuleni zaidi, wewe au yeye, mtoto wa kwanza, mwanaume, ambaye mama yake anapita na suruali? Hapa kwetu ninajiuliza jambo moja kila nikienda soko la Ngaramtoni: mwanamke akiswaga punda wanne wenye mizigo, hakuna anayegeuza shingo. Mwanamke huyohuyo akae juu ya farasi, ameshakuwa kituko. Punda ni mzigo, nao mzigo tumezoea kumwona nao mwanamke. Juu ya farasi mtu anakaa amenyooka. Kaka yako huenda anadhani anamkinga mama na kicheko kimoja cha mwisho. Muulize mkiwa wawili kwa simu, isiwe kwenye lile kundi la familia ambako kila mtu lazima ashinde.

Kuhusu maneno, unazo njia, na kila moja ina mwiba wake. Ukiwaacha farasi nje kabisa, ibada itakuwa tulivu, na yule mzee mwenye kofia atakuja tena Machame kumsikiliza mtu asiyemjua. Ukiwaweka wote, kaka anaweza kuona umemvunjia heshima mbele ya ukoo, na siku ya kaburi ikageuka kikao. Kuna neno moja ambalo halijatumika: saisi. Ni kazi, ina jina, ilirithiwa kutoka kwa baba yake na ikasomesha watoto watatu. Sijui kama kaka yako atalikataa likisimama hivyo, kavu, bila mavi na bila mapambo. Anaweza kulikataa.

Jiwe nalo si lazima liseme mengi. Jina na miaka vinatosha, na makaburi mengi ya wazee wetu yana hivyo tu. Ukishaliondoa jiwe kwenye ugomvi, unabaki na maneno ya ibada, ambayo ni ya dakika chache, halafu jioni, watu wakishakula na mbege, pombe ya ndizi, ikizunguka, ambapo mtu yeyote anaweza kusimama akasema alichokiona. Hapo hata mdogo wako anaweza kusema. Au akakaa kimya, na kimya chake kikaheshimiwa. Hatari ya jioni kama hiyo unaijua: mbege hailindi ulimi.

Sasa Tangawizi. Kabla ya mteja, uliza mambo mawili. La kwanza, ile zawadi ilikuwa na karatasi, au ilisemwa mdomoni siku ya kuagwa? Kama hakuna maandishi, wale wa Usa River wanaweza kuwa na la kusema. La pili, mmekwishafungua mirathi? Kama farasi alikuwa wa mama, ni sehemu ya mali ya marehemu, na kaka hawezi kumuuza kwa sababu tu yeye ni mkubwa. Anayeshughulikia ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama baada ya kikao chenu. Usimtishie nayo, lakini uijue.

Kumuuza kutakupunguzia mzigo, hilo silidharau, wewe ni mwenye duka na Januari ndiyo mwezi wako. Lakini farasi wa miaka 26 mwenye magoti mabovu, katikati ya muziki na umati, na mtoto wa mtu juu yake, hiyo ni hatari hata kwa huyo mtoto. Kumleta kihambani utafikiria, kila mtu hufikiria hilo. Mteremko, migomba, na yeye peke yake: farasi ni mnyama wa kundi, akitengwa huhangaika sana. Kubaki pale alipo pengine ni bora kwake, swali ni mfuko wako. Umewahi kuwaambia wenye mabanda kwamba unalipa peke yako? Watu waliofanya kazi na mama yako miaka yote hiyo wanaweza kupunguza. Wanaweza pia wasipunguze.

Lipo na lile ambalo hukuliandika, na nahisi umeliwaza. Muulize daktari wake waziwazi: kwa meno hayo na miguu hiyo, ana maumivu kiasi gani, na baridi ya Juni na Julai ataipitaje? Kuna wakati daktari mwenyewe hushauri kumlaza mnyama kwa sindano. Waliokaa na farasi maisha yao yote wanalijua jambo hilo kuliko sisi. Nadhani mama yako aliwahi kusimama karibu na farasi wa namna hiyo, akiwa ameshika hatamu. Masaisi wenzake watakuambia alikuwa anafanyaje.

Kisha lile neno la hospitalini. Mwanangu, nimelisoma nikaweka barua chini. "Msimwache alale peke yake." Kiswahili chetu hakimtengi farasi na mtu: yule analala, na huyu analala, wote ni "mwache". Wewe umelipa shilingi 250,000 kila mwezi kwa tafsiri moja. Huenda ni sahihi, maana kumwacha farasi peke yake ni jambo ambalo saisi hawezi kulisahau hata akiwa anakata roho. Lakini umeniandikia mwenyewe, bila mimi kukuuliza, nani alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, akifunga mkoba, akienda kulala wapi. Kwa nini uliniandikia hayo? Sikuulizi kwa kukutega. Na alisema "msi-", hakusema "usi-", ingawa mmoja wenu ndiye aliyekuwa anaondoka.

Sikushauri umpelekee mdogo wako tafsiri hii kama ulivyompelekea daftari. Anaweza kuisikia kama mzaha, au kama deni jipya. Labda ingekuwa vyema siku moja upande basi uende Moshi bila karatasi yoyote, ulale huko, mpike, mtazame televisheni. Mama asitajwe mpaka amtaje yeye.

Na Usa River uende pia. Huhitaji kumgusa Tangawizi, simama nje ya uzio, mguu uliopigwa teke una haki zake. Nenda mapema jioni, kabla hawajawaingiza ndani kwa ajili ya visubi. Mtafute yule mzee mwenye kofia, mnunulie soda, muulize masika ya 1998: nani walikuwa zamu, na kama kuna usiku Mama Farasi alitoka na tochi akasema anarudi sasa hivi. Akikumbuka kwamba alitoka, utakuwa na kitu. Akikumbuka kwamba hakutoka, utakuwa na kitu pia, na hicho kitakuwa kizito zaidi kukiandika. Vyovyote vile, mwombe aje Machame Desemba, na safari hii asisimame nyuma kwenye migomba.

Niandikie ukirudi. Nataka kujua alisema nini.

Shangazi